Somo: Pevingi za chupa zilizosagwa

Chupa zisizorudishwa kiwandani hujazana nyuma ya mabaa na hoteli hadi kero. Zikisagwa, zinachukua nafasi ya sehemu ya mchanga kwenye pevingi za njia ya miguu. Sharti kubwa ni moja: zisagwe laini kama mchanga. Kioo cha chupa ni silika (madini yaliyomo pia kwenye mchanga) kwa takribani asilimia 70, na ndani ya zege lenye unyevu silika hiyo, hasa vipande vikiwa vikubwa, hukutana na alkali (kemikali kali) za saruji, ukatokea ute unaonyonya maji na kuvimba. Thomas Stanton alilieleza tatizo hili la silika na alkali huko California mwaka 1940. Ubaya wake ni kwamba pevingi hutoka safi kabisa, nyufa zikaja miaka baadaye. Wanaokoroga vipande vya chupa vilivyopondwa kwa nyundo tu wanawauzia watu hasara, na hilo linaniuma.

Kusafisha. Toa vizibo na lebo, na usiache hata kipande cha alumini: kikiingia kwenye saruji mbichi hutoa gesi ya hidrojeni, zege likabaki na matundu. Loweka, sugua, suuza mpaka kunata kwa soda iliyokuwamo kuishe.

Kusaga. Vaa miwani, glovu nene na barakoa. Kinu cha unga wa kula usikiguse kwa kazi hii. Chekecha kwa wavu wa mbu wa madirishani. Kinachobaki juu kirudi kinuni.

Kuchanganya. Saruji ndoo 2, mchanga ndoo 4, chupa iliyosagwa ndoo 1, kokoto ndogo ndoo 4. Soma mfuko wa saruji: CEM IV, au CEM II yenye herufi P, ina pozolana (unga kama wa majivu ya volkano), nayo hupunguza ule uvimbe. Maji tia kidogo kidogo, kwa sababu kioo hakinywi maji kama mchanga.

Shindilia kwenye moldi, toa kesho yake, mwagilia siku 7 kivulini. Gari lisipite juu yake.

Maswali ya wanachama

*Fundi, zangu siku ya pili bado zinamomonyoka ukizigusa. Saruji mbovu?*
Anza na chupa. Sukari ya soda huchelewesha saruji kushika. Rudia kuosha.

*Vioo vya madirisha je? Na taa?*
Madirisha sawa. Taa, skrini za runinga na vioo vya kujitazamia hapana. Vingine vina risasi au zebaki.

*Naweza kumwagia nguzo za nyumba?*
Hapana, ndugu yangu. Nguzo na mkanda (boriti ya zege juu ya kuta) vinabeba watu.

*Watoto wangu wanatembea pekupeku, hazitawachoma?*
Chupa iliyosagwa ikichekechwa vizuri haina ncha kali. Hata hivyo, mwaga kwanza tabaka la sentimita 1 la saruji na mchanga mtupu ndani ya moldi, kwenye kitako chake, maana ndilo litakalokuwa uso wa pevingi ukiigeuza.