Namna ya kumsoma Sailor Moon kwa jicho la mkunga

Nimezalisha kwa miaka 19. Manga, zile hadithi za picha za Kijapani, sikuzitafuta mimi, zililetwa nyumbani na mtoto wa kaka yangu, binti wa miaka 14. Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, hata viatu sijavua, akaniuliza: "Shangazi, chungu kinaweza kuzaa?" Mkononi alikuwa na juzuu ya 12 ya Sailor Moon. Nilimwambia aniache nilale kwanza. Nilipoamka nikaisoma, sikuambulia kitu, nikarudi juzuu ya 1. Tangu siku hiyo nimeisoma yote mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipomwona mungu wa kike aliyejificha ndani ya shujaa wake, yule msichana mliaji anayegeuka Sailor Moon. Nawe ukitaka kumwona, pita njia hii.

Hakikisha kwanza umeshika manga yenyewe, ile iliyochorwa na Takeuchi Naoko na kutolewa na Kodansha, iliyoanza mwishoni mwa 1991 katika jarida la Nakayoshi na kumalizika 1997. Filamu ya katuni ya televisheni ni nzuri, lakini mwisho wake ni mwingine, na jambo tunalolifuata liko mwishoni. Toleo lililopangwa upya lina juzuu 12 za hadithi kuu. Husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kurasa na vyumba vya picha pia. Binti yetu siku ya kwanza alifungua upande wa kushoto, akaona harusi kabla ya vita. Usimwige.

Kabla hujafika mbali, shika maneno mawili. Tsuki ni mwezi: ule wa angani, na huu wa kuhesabia siku. Sisi tumebahatika, maana Kiswahili nacho kinatumia neno moja. Mimi kazini kutwa nzima nauliza "mwezi wako wa mwisho uliona lini?" na hakuna mama anayetazama juu. Neno la pili ni usagi, sungura. Jina kamili la msichana ni Tsukino Usagi, na ukilitamka kwa Kijapani masikio yanasikia "sungura wa mwezi". Weka kando sungura wetu mjanja wa ngano. Wajapani wakitazama mwezi mpevu wanaona sungura ameshika mchi, anatwanga mochi, vile vitumbua vyao vya mchele unaonata. Kwa hiyo shujaa wetu amepewa jina la mtwangaji wa nafaka, kazi ambayo bibi yangu aliifanya alfajiri kila siku ya uhai wake. Nywele zake zilizofungwa mafundo mawili zikaachwa kuning'inia, zitazame tena ukiwa na sungura akilini.

Sasa ifunge manga, utafute Kojiki. Ni kitabu cha Kijapani cha mwaka 712, chenye hadithi za mwanzo wa dunia. Tafsiri ya Kiingereza ya Basil Hall Chamberlain ya 1882 inapatikana bure, na unahitaji kurasa chache za mwanzo tu. Utakutana na sehemu zilizowekwa kwa Kilatini. Hizo ni zile ambazo miungu wanazungumzia maumbile yao ya uzazi. Mfasiri aliona si adabu kuyaweka wazi. Iliniuma. Mwili uleule ninaouhudumia kila siku, ulioleta visiwa vyote vya Japani katika hadithi hiyo, ukafichwa ndani ya lugha ya wasomi.

Soma hivi. Izanagi na mkewe Izanami wanapewa mkuki wenye kito, wanasimama kwenye daraja la mbinguni na kuikoroga bahari. Maandishi ya asili yanaiga sauti ya maji: koworo, koworo. Niliposoma hapo nilisikia koroga, koroga, nikacheka peke yangu kitandani. Matone ya chumvi yanadondoka, yanakuwa kisiwa. Kisha wanazunguka nguzo ili waoane, na Izanami ndiye anayetangulia kusema. Mtoto wa kwanza, Hiruko, anazaliwa ana kasoro, anawekwa kwenye mtumbwi wa matete na kuachiwa maji yamchukue. Miungu wakubwa wakiulizwa sababu, wanajibu: mwanamke alitangulia kusema. Piga mstari hapo kwa penseli. Nimeshasikia akina mama wakilaumiwa hivyo hivyo mlangoni pa wodi, mtoto hajafikisha hata saa moja ya uhai.

Izanami anaendelea kuzaa, visiwa, bahari, milima, mpaka anapomzaa Kagutsuchi, moto. Moto unamuunguza njia ya uzazi, anaugua, anakufa. Mumewe anamfuata Yomi, nchi ya wafu, anavunja agizo la kutomtazama, anamkuta ameoza, anakimbia na kuziba njia kwa jabali. Wakiwa pande mbili za jabali wanaachana kwa maneno haya: mke anasema ataua watu 1,000 kila siku, mume anajibu kwamba kila siku atajenga vibanda 1,500 vya kujifungulia. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Andiko la zaidi ya miaka 1,300, na ndani yake vifo vya siku na vyumba vya kujifungulia vimewekwa kwenye mizani moja, vyumba vikazidi kwa 500. Hii namba uibebe. Bila hiyo juzuu ya 12 haifunguki.

Mimi ni Mwislamu, na miungu hii naisoma kama hadithi za watu wengine kuhusu mambo wanayoyaheshimu. Haijanizuia kuziheshimu.

Ugiriki hakutakuchukua muda. Ujue tu kwamba Selene ni mwezi, mwanamke, aliyempenda Endymion, kijana aliyelala usingizi usioisha. Na kwamba katika masimulizi ya Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, kitu cha kwanza kuwapo ni Chaos, kisha ikaja Gaia, ardhi. Mwezi wa Japani, Tsukuyomi, kwa kawaida huhesabiwa mungu wa kiume. Mungu wa kike ni jua, Amaterasu. Takeuchi, ambaye alisomea ufamasia kabla ya kuishi kwa kalamu, alichukua mwanamke wa Kigiriki akamweka kwenye mwezi wa sungura wa Kijapani, na mpenzi wake wa duniani akamwita Endymion. Kioo, upanga na kito vinavyobebwa na walinzi watatu wa nje, wasichana wapiganaji wenzake Sailor Moon, vitakukumbusha hazina tatu za ufalme wa Japani.

Ukirudi kwenye manga, soma ukiwa na daftari. Kila mwanamke anapompa mwingine uhai, andika. Malkia Serenity, mama wa Usagi katika maisha yake ya kwanza, anatumia nguvu zake za mwisho ili binti aliyekufa azaliwe tena duniani. Chibi-Usa anatoka karne ya 30 kuja kutafuta msaada, na anayemkuta ni Usagi, mama yake mwenyewe, akiwa bado mwanafunzi. Wote wawili wamezaliwa Juni 30. Sailor Saturn, mlinzi mwingine, akishusha silaha yake ulimwengu unakoma, kisha yeye mwenyewe anarudi akiwa mtoto mchanga, analelewa na wanawake watatu. Usijali vita. Vita vinajirudia sana katikati, na mimi huzipitisha kurasa hizo haraka.

Juzuu ya 11 na 12 zinahitaji utulivu, simu ikae mbali. Galaxia, adui wa mwisho, anawaua wenzake Usagi mmoja mmoja, hata Mamoru, mpenzi wake, yule Endymion aliyezaliwa upya, na kuchukua fuwele zao, mbegu za nyota zilizo ndani ya kila mlinzi. Safari inaishia kwenye kitovu cha galaksi, mahali nyota zote huzaliwa. Chungu. Ndicho alichoniuliza mtoto. Kwa Kiswahili sikuhitaji mtu anieleze: chungu hupika, na uchungu humleta mtoto. Ndani ya chungu hicho Chaos imeyeyuka, nayo ndiyo chimbuko la maadui wote waliotangulia. Kwa hiyo kinachozaa nyota sasa kimebeba pia kile kitakachozila.

Hapo anasimama Sailor Cosmos. Ametoka mbali sana mbele ya wakati, amekimbia vita isiyokwisha, na hadithi inatuachia tumtambue kuwa ni Sailor Moon mwenyewe wa siku zijazo. Ombi lake ni moja: kivunje chungu, Chaos isizaliwe tena kamwe. Wasomaji wengi humwona mwoga. Naomba usimsome hivyo. Kila usiku wa zamu namsikia. Njia ikikaribia kufunguka yote, mama aliyekuwa jasiri tangu jioni ananishika mkono kwa kucha na kusema, "Nesi, basi. Sitaki tena. Nirudishe nyumbani." Mama huyo si mwoga. Amechoka kupita mahali maneno yanapofika, na anataka yaishe, yote, hata kile alichokingoja miezi tisa. Simbishii. Namsugua mgongo, namwambia apumue. Tazama uso wa Cosmos kwenye picha hizo, utaona uchovu huo huo.

Naye Usagi anakataa. Chungu kikivunjwa, nyota mpya hazitazaliwa tena, na ataikubali Chaos irudi siku moja kuliko kuzima uzazi wote. Halafu anajitosa ndani. Rudi kwenye mstari wako wa penseli: kule Kojiki mwanamke alitangulia kusema, na alichozaa kikatupwa majini. Huku mwanamke ndiye mwenye neno la mwisho, na kwa neno hilo ulimwengu unaendelea kujifungua. Rudi na kwenye ile namba: elfu moja watakufa, ndiyo, na vibanda elfu na mia tano vitajengwa. Hakuna anayeahidi kwamba wale elfu moja watapungua.

Baada ya hapo anaambiwa achague aanze upya akiwa nyota nyingine, au arudi kwenye maisha yake yaleyale na watu walewale. Anarudi. Inafuata harusi ambayo binti yetu aliiona kabla ya wakati wake, na Usagi anamwambia Mamoru kwamba anahisi mlinzi mpya ameanza ndani yake.

Usifunge kabati bado. Chukua tena juzuu ya 1, ukurasa anaoamshwa, amechelewa shule, analia. Ana miaka 14. Nilipofika hapo kwa mara ya tatu binti wa kaka yangu alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni yangu, sare ya shule bado mwilini, nikamfunika kanga, nikaendelea kusoma.