Utando wa siki kwa kisu kinachoshika kutu

Kisu cha chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi, ila kwenye hewa ya chumvi ya pwani kikilala na unyevu kinaamka na kutu. Rangi nyeusi ya kiwandani hukinga ubapa tu. Makali hayana rangi, kwa sababu kinoo huiondoa. Ile rangi nene pia hukwama kwenye muhogo, na ikibanduka maji huingia chini yake na kutu kutambaa bila kuonekana. Mipako migumu kama DLC (kaboni ngumu mithili ya almasi), yenye unene wa mikroni chache, hudumu zaidi, lakini ikichubuka huwezi kuirudisha nyumbani. Kwa kisu cha jikoni tumia siki, inayoupa ubapa utando wa kijivu unaopunguza kutu: utando huo ukichakaa, unaurudisha jioni hiyo hiyo.

1. Weka tone la siki karibu na mpini, subiri dakika 15. Doa la kijivu likitokea, endelea. Lisipotokea, ama kisu hakishiki kutu, basi kiache, ama kina vanishi. Kisugue kidogo kwa msasa ujaribu tena.

2. Ondoa vanishi na kutu kwa msasa namba 400, kisha 800, ukisugua kwa mwelekeo mmoja tu. Osha kwa sabuni na maji ya moto, kausha, futa kwa spiriti. Kuanzia hapa usiguse ubapa kwa kidole. Wengi huharibia hapa: mafuta ya mkono huizuia siki, na alama za vidole hubaki nyeupe.

3. Pasha siki nyeupe ya asilimia 5 hadi ianze kutoa mvuke, isichemke. Imimine kwenye chombo kirefu cha kioo kinachohimili joto, kamwe si cha alumini. Zamisha ubapa, mpini ubaki nje. Kila dakika 10 kitoe, futa viputo na weusi unaolegea, kirudishe. Jumla dakika 30. Viputo visipofutwa huacha madoa. Ukikiacha usiku kucha, asidi inakula makali na kuacha vishimo ambavyo kutu itaanzia.

4. Koroga kijiko cha chai cha magadi katika nusu lita ya maji, zamisha ubapa dakika 5, suuza, kausha papo hapo. Ukiruka hatua hii, kutu ya rangi ya chungwa huota upesi. Usitumie jiki: ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, na chuma chenyewe inakila.

5. Noa. Makali yatatoka meupe, na ndivyo inavyotakiwa. Kinga yake ni mafuta. Paka mafuta ya nazi, kisha futa mpaka ubapa usiache alama kwenye karatasi. Ya alizeti hunata yakikaa.

Kisu kioshwe kwa sponji, si stilwaya. Ukikata ndimu au embe bichi kifute mara moja, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hutunza unyevu.