Ukienda kusoma ualimu chuo kidogo, fanya hivi

Nilitoka Kibaigwa na begi moja na karanga alizonifungia mama kwenye kiroba. Wenzangu wengi wa kidato cha sita walikwenda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kule ambako chuo peke yake ni mji. Mimi nikaingia chuo kidogo cha binafsi hapa hapa Dodoma, darasa la Kiswahili tukiwa 31 tu. Wiki ya kwanza nililia, nikiona nimepata cha chini. Leo nafundisha Kiswahili na Historia sekondari, na wadogo zangu wakiniuliza nawaambia nendeni, ila mjue mnavyopaswa kusoma huko.

Kwanza makaratasi. Hakikisha chuo na kozi yako vimo kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa uwe nayo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu ya Bodi ya Mikopo ipitie ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuituma: saini yako, ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa, muhuri wa kamishna wa viapo. Mimi muhuri mmoja ulikosekana, nikasoma muhula mzima bila bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo. Mama akauza magunia manne ya mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa. Sijaisahau ile.

Masomo mawili ya kufundishia chagua kwenye yale uliyofaulu vizuri kidato cha sita. Kama una Fizikia au Hisabati, tafadhali usiyakimbie, shule zetu zinawalilia walimu hao.

Sasa tuje kwenye chuo chenyewe. Maktaba yetu ilikuwa na nakala mbili za kitabu cha saikolojia ya elimu, na zote huwa zimeazimwa. Lakini mhadhiri alikuwa anakujua kwa jina na anajua unakaa kiti gani. Hiyo ndiyo mali ya chuo kidogo, itumie. Siku ya kwanza nilipobisha hodi ofisini nilisema, "Shikamoo mwalimu, sijaelewa mada." Akaniuliza, "Hujaelewa nini?" Nikakosa la kusema. Akaniambia nirudi nikiwa nimeliandika swali. Usiku ule, katika kutafuta maneno ya kuliandika, nusu ya mada ikanifungukia yenyewe. Kwa hiyo usiende ofisini na mikono mitupu. Andika sentensi moja: nimeelewa mpaka hapa, nimekwama hapa.

Swali langu lilikuwa la Vygotsky, yule Mrusi aliyesema kuna yale mtoto anayoyaweza peke yake, na kuna yale anayoyaweza akishikwa mkono, na kwamba mwalimu afanyie kazi hapo katikati. Mwalimu akaniuliza nani alinifundisha kupepeta uwele. Nikasema bibi. Alifanyaje? Nikakumbuka alikuwa anasimama nyuma yangu, tunashika ungo wote wawili, kisha siku moja akaachia mkono mmoja, siku nyingine wote. "Basi," akasema, "hiyo ndiyo nadharia." Tangu hapo kila nadharia naitafutia mtu ninayemjua. Fanya hivyo na utaona mtihani wa saikolojia unaandikika.

Madesa, yaani notsi za waliotangulia, yapo, utapewa. Yasome kama muhtasari tu. Kwenye darasa la watu 31 anayefundisha ndiye anayesahihisha, na kazi mbili zinazofanana anaziona palepale. Sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia, nilizoshuhudia zilitokana na desa la mwaka wa jana.

Kilichonifanya niwe mwalimu hasa ni Jumamosi. Tulikuwa sita, tukakubaliana kila Jumamosi jioni tufundishane chini ya mwarobaini nyuma ya bweni, dakika 10 kila mmoja, ubao ukiwa kipande cha mbao nyembamba tulichokipaka rangi nyeusi. Chukueni watu wa masomo tofauti. Wa Kemia hawezi kukusaidia kujaza pengo ulilolisahau kwenye Historia, kwa hiyo usipoeleweka utajua. Na mwalimu akimaliza, asiulize "mmeelewa?" Achague mmoja aeleze alichojifunza. Mara yangu ya kwanza nilifundisha chanzo cha Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Niliongea dakika zote 10 nikiandika. Rafiki yangu wa Baiolojia akasema, "Umeufundisha ubao." Iliniuma, na ikanisaidia kuliko maksi yoyote niliyowahi kupewa.

Halafu yanakuja mazoezi ya kufundisha, BTP. Mimi nilikwenda shule moja ya kata wilayani Bahi, kidato cha kwanza, wanafunzi 74. Siku ya kuripoti omba muhtasari wa somo na azimio la kazi la mwalimu unayempokea, ujue amefika wapi. Andalio la somo liandike jioni, kwa sababu asubuhi utaombwa kusimamia usafi.

Historia hapo ilikuwa inafundishwa kwa Kiingereza, na watoto walikuwa wametoka kusoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Nikiuliza swali, kimya. Kipindi cha Kiswahili watoto walewale wanagombania kujibu. Nikajua shida si akili. Nikaanza kuandika maneno matano pembeni mwa ubao kabla ya somo, tunayatamka wote, tunayaeleza, kisha swali la kwanza liwe linajibika kwa mojawapo. Baada ya hapo wanajadiliana wawiliwawili kabla sijamtaja mtu. Wiki ya pili mikono ikaanza kuinuka.

Shajara ya somo ijaze siku hiyohiyo, msimamizi wa chuo huja bila taarifa. Wa kwangu alifika Jumanne kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi, akakaa dawati la nyuma. Somo likaenda vizuri. Alipoinuka hakuomba andalio. Aliokota madaftari matatu kwa watoto aliokuwa amekaa nao, akafungua kurasa za mwisho. Moja tu nilikuwa nimelisahihisha. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Hawa wawili utajuaje walikukosa wapi?"

Kesho yake nikaanza kukusanya madaftari 15 kila jioni, kwa safu, darasa zima likawa linazunguka ndani ya siku tano, na chini ya kila kazi nikaandika sentensi moja ya kumwambia mtoto arekebishe nini.