Maziwa maalumu ya mtoto: punguza gharama, usimpunguzie mtoto

Mtoto wa kilo 5 asiyenyonya kabisa hunywa takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani mililita 750. Kopo la gramu 400 la maziwa maalumu ya unga, yale ya mtoto asiyemudu maziwa ya kawaida, hutoa karibu lita 2.9 tu. Kwa hiyo kopo moja ni la siku nne, na mwezi mzima unakula makopo manane hivi. Wazazi wengi wakishaona hesabu hiyo huanza kuzunguka madukani kutafuta bei nafuu, na kumbe dukani ndiko kwenye nafuu ndogo. Pesa nyingi huenda kwenye maziwa ambayo mtoto hakuyahitaji, yanayomwagwa, na yale ya miezi baada ya mtoto kupona.

Hakikisha kwanza kwamba anayahitaji. Mtoto anayecheua lakini uzito unapanda vizuri si mgonjwa. Kucheua huzidi akiwa na miezi 4 hivi na kwa wengi huisha kabla ya mwaka, kwa hiyo hakuna sababu ya kumnunulia maziwa ya kuzuia kucheua. Aliyetoka kuharisha naye anaweza kushindwa kwa muda kusaga laktosi, ile sukari ya maziwa. Akiandikiwa maziwa yasiyo na laktosi, muulize daktari palepale mtaacha lini, maana kwa kawaida ni suala la wiki chache tu.

Sababu kubwa ya maziwa ya bei ghali ni mzio (aleji) wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Dalili zake ni choo chenye damu au makamasi, ukurutu usiosikia dawa, kutapika, uzito kugoma kupanda. Kama mama ananyonyesha, tiba ya kwanza haiko kwenye kopo. Mama ndiye anayeacha maziwa na kila chenye maziwa ndani kwa wiki 2 hadi 4: chai ya maziwa, mtindi, siagi, jibini, pamoja na biskuti na mikate yenye unga wa maziwa. Soma vifungashio vyote. Wakati huo anahitaji kalsiamu, kama miligramu 1,000 kwa siku, kutoka kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa, mboga za majani au vidonge. Dalili zikipungua, arudishe maziwa kwa makusudi. Zikirudi, mzio umethibitika. Zisiporudi, tafuteni sababu nyingine. Hatua hii ya kurudisha ndiyo inayorukwa mara nyingi, na familia hujikuta inagharimia mzio ambao haupo.

Kwa asiyenyonya, anzeni na maziwa ambayo protini yake imevunjwa vipande vidogo sana, kama Nutramigen, Aptamil Pepti au Althera. Karibu watoto 9 kati ya 10 wenye mzio huu huyamudu. Ya asidi amino (chembe ndogo kabisa zinazounda protini), kama Neocate au Alfamino, ni ghali zaidi, na ni ya wale walioshindwa na hayo ya kwanza au wenye mzio mkali. Ukiandikiwa hayo moja kwa moja, uliza kwa nini.

Kuna nafuu za uongo. Maziwa ya mbuzi hayafai, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Yaliyoandikwa HA (kifupi cha Kiingereza "hypoallergenic", yaani yasiyochochea mzio kwa urahisi) protini yake imevunjwa nusu tu na si tiba ya mzio. Yasiyo na laktosi mara nyingi bado yana protini ileile. Maziwa ya soya ya watoto ni ya bei nafuu na yanaweza kutumika baada ya miezi 6, daktari akikubali, ingawa wapo wachache ambao soya nayo huwadhuru.

Mara ya kwanza nunua kopo moja, si katoni. Maziwa haya ni machungu na yana harufu, na mtoto aliyepita miezi 4 anaweza kuyakataa. Kama mzio wake si mkali na daktari ameridhia, yachanganye na maziwa aliyozoea, ukiongeza mapya kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Choo kikigeuka kijani usishtuke, ni kawaida ya maziwa haya. Mpe wiki 2 kabla ya kuamua kwamba hayamfai. Kubadilisha aina kila baada ya siku tatu ni kuacha makopo nusunusu kabatini bila kujua lipi lilifaa.

Ukilinganisha bei, usiangalie kopo wala gramu, angalia lita. Tuseme kopo A ni gramu 400 kwa shilingi 60,000, na maelekezo yake ni gramu 13.6 kwa mililita 100. Kopo B ni gramu 450 kwa 64,000, gramu 15 kwa mililita 100. Kwa gramu B ni rahisi. Kwa lita, A ni shilingi 20,400 na B ni zaidi ya 21,300. Usisubiri promosheni: Kenya, kwa mfano, sheria ya mwaka 2012 imepiga marufuku kuponi na zawadi kwenye maziwa ya watoto. Pigia simu famasi nne au tano, za jumla zikiwemo, uliza bei na tarehe ya mwisho wa matumizi. Yaliyofunguliwa au kupimiwa kwenye mfuko usiyaguse, hata yawe ya bure.

Sasa jikoni. Ukitengeneza mililita 150 na mtoto akaacha 40, mara sita kwa siku, kwa mwezi unamwaga zaidi ya lita 7, sawa na makopo mawili na nusu. Tengeneza 90, akitaka zaidi ongeza 30. Kijiko ni kile cha kopo hilohilo, kikisawazishwa kwa kisu bila kushindiliwa. Kushindilia hupoteza unga na humfungia mtoto choo. Maji yaliyochemka yasikae zaidi ya nusu saa kabla ya kuchanganya, yawe bado na nyuzi 70, isipokuwa kopo lenye bakteria hai: hapo fuata maelekezo yake. Yaliyobaki kwenye chupa saa mbili baada ya kutengenezwa hayaokolewi. Kopo likifunguliwa, liandike tarehe, kwani mengi hudumu wiki 4 tu, mahali pakavu, nje ya friji.

Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni hatari kweli. Sodiamu ya damu hushuka, na mtoto anaweza kupata degedege.

Akianza chakula akiwa na miezi 6, hitaji lake la maziwa litashuka taratibu hadi mililita 500 au 600 kwa siku, kwa hiyo punguza oda. Kila miezi 6 hadi 12 omba ajaribiwe tena, maana watoto wengi hupona. Mwenye mzio wa taratibu, ule ambao dalili huchelewa kujitokeza, huanza na biskuti yenye maziwa kidogo yaliyookwa. Aliyewahi kuvimba, kubanwa kifua au kutapika hadi kulegea hujaribiwa hospitalini tu. Na akifikisha mwaka huku anakula vizuri, mtaalamu wa lishe anaweza kukuambia kopo halihitajiki tena, hata kama mzio bado upo.