Kubadilisha shawa ya umeme Kigoma: koili imeungua, na breka inaruka

Mwongozo huu ni wa ile shawa ya plastiki inayochemsha maji palepale kichwani, ya wati 5,500, iliyojaa kwenye mabafu ya Mwanga, Gungu na Katubuka. Boila la tangi ni habari nyingine.

Hatua ya 1: Hakikisha imekufa kweli

Zima swichi kuu kwenye DB (boksi la breka), kisha pima kwa mita: laya (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudi), laya na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Tesita ya bisibisi iache kwenye boksi la vifaa. Kama polariti imegeuzwa huko nyuma, yaani laya na nyutro zimebadilishana, itakudanganya.

Fungua kichwa, pima koili yenyewe. Koili nzima ya volti 220 na wati 5,500 husoma kama omu 9. Ikiwa imekatika na plastiki ni safi, nunua koili tu. Ukiona vituo vimekuwa vyeusi au bodi imeyeyuka, nunua kichwa kipya, usihangaike kusugua kwa msasa.

Hatua ya 2: Ruhusa

Kutoa kichwa na kurudisha chenye wati zilezile ni matengenezo ya kawaida. Kuvuta laini mpya kutoka DB ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwambie akuonyeshe, asikuonyeshe fulana ya kampuni. Lakiri ya LUKU haiguswi na mtu yeyote isipokuwa TANESCO, hata kama umeambiwa ni "dakika mbili tu". Mpangaji achukue ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kwa sababu ukuta utachimbwa.

Halafu piga hesabu ya tarifu. Kuoga dakika 10 kunakula karibu uniti 0.9. Watu wanne kila siku ni kama uniti 110 kwa mwezi kwa shawa peke yake. Aliye D1, tarifu ya nyumba zinazotumia umeme kidogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, kila uniti inayozidi 75 inamgharimu 350. Afadhali familia ijue kabla ya kufunga kuliko kuja kumlaumu fundi kwamba mita "inakimbia".

Hatua ya 3: Waya

Wati 5,500 ni ampea 25. Waya wa milimita za mraba 2.5 wa soketi hauna kazi hapa, na plagi ya ampea 13 usiitaje kabisa. Waya wa 4 unatosha kwa umbali mfupi, lakini mimi nasema nunua wa 6. Breka iwe ya ampea 32, laini iwe ya shawa peke yake, swichi ya kukata laya na nyutro kwa pamoja ikae nje ya bafu.

Kiungo cha mwisho juu ya kichwa ndicho kinachoungua sana. Konekta ya plastiki hulainika kwa joto, skurubu inalegea, joto linazidi, mwisho unanusa plastiki ukiwa umejipaka sabuni. Tumia konekta ya kauri, na kaza tena baada ya wiki moja.

Hatua ya 4: Kufunga

Tredi tepu, nusu inchi, kaza kwa mkono. Chini ya simtenki hadi kichwani iwe angalau mita moja, la sivyo diaframu (kiwambo cha mpira kinachowasha koili kwa presha ya maji) haisukumwi na shawa haiwaki. Ukiunga moja kwa moja kwenye bomba lenye presha kubwa, weka kile kipunguzi kinachokuja kwenye boksi: kwa lita 3 kwa dakika maji hupanda nyuzi 26, kwa lita 6 ni 13 tu.

Hatua ya 5: Maji kwanza

Weka kitufe kwenye baridi, umeme ukiwa umezimwa, fungua maji yatoke dakika nzima. Koili ikiwashwa kavu hufa kwa sekunde chache, na duka halirudishi.

Hatua ya 6: RCCB inaruka kila ukifungua moto

Hapa ndipo siku inapoishia. RCCB ya miliampea 30, ile breka inayokata umeme unapovuja, inaruka, mwenye nyumba anataka kuoga, na jirani anashauri uitoe. Usiitoe. Tafuta kwa mpangilio huu.

Kwanza, nyutro na ethi. Mafundi wengine nyumba isipokuwa na ethi huunga waya wa ethi wa shawa kwenye nyutro. Ethi ya kweli ikija kuungwa baadaye na RCCB ikiwepo, mkondo unagawanyika na RCCB huruka. Zima DB, fungua nyaya za shawa, toa nyutro kwenye RCCB, kisha pima nyutro na ethi kwa mega (kipimo cha uvujaji wa nyaya) ya volti 500. Ikisoma karibu na sifuri, kuna mahali zimegusana. Angalia kwanza nyuma ya shawa ya zamani.

Pili, ethi yenyewe. Ethi mbovu hairushi RCCB, lakini inafanya bomba likupige. Rodi iliyopigwa kwenye mchanga mkavu karibu na ukuta inaweza kusoma vizuri Machi na vibaya Agosti, kiangazi kikiwa kimekaza. Ipige yote ardhini, mahali penye unyevu, na uipime kwa ethi testa, si kwa kuamini.

Tatu, na hili ndilo la Kigoma: maji. Koili ya shawa nyingi iko tupu ndani ya maji. Watengenezaji wengi huandika kuwa maji yawe na ukinzani wa zaidi ya omu-sentimita 1,300. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi na yako kwenye 1,500 hivi, kwa hiyo yanapita kwa nafasi ndogo. Kisima chenye chumvi kinaweza kushuka chini ya hapo. Na maji yakipata moto hupitisha umeme zaidi. Ndiyo maana shawa inavumilia kwenye vuguvugu, inaruka kwenye moto mkali baada ya dakika moja. Ukiona mwendo huo, huenda nyaya hazina kosa.

Dawa yake ni kichwa cha maji ya chumvi, ambacho koili yake imefunikwa ndani ya mrija. Kwenye boksi huandikwa hivyo; muuzaji akikuambia "zote ni sawa", nenda duka la pili. Ni ghali zaidi na huchelewa kidogo kupasha moto. Koili yake ikianza kuvaa gamba jeupe, lichovye kwenye siki usiku kucha kabla hujafikiria kununua nyingine.