Namna ya Kuisoma Nishani ya Vita vya Uzalendo Iliyobaki Sandukuni

Ikiwa mzee wenu aliyesomea Muungano wa Kisovieti ameacha sandukuni, huko Mikindani au Lindi mjini, nyota nyekundu yenye miali nyuma yake, msiipeleke kwa sonara kabla hamjaisoma. Huenda ni Nishani ya Vita vya Uzalendo, yaani vita vya Wasovieti dhidi ya Ujerumani ya Hitler, iliyoanzishwa tarehe 20 Mei 1942, wakati majeshi ya Ujerumani yalikuwa yamekwisha kuingia ndani kabisa ya nchi hiyo ya Kisovieti. Ndiyo nishani ya kwanza ya Kisovieti kugawanywa katika madaraja, na ya kwanza kuruhusiwa kubaki kwa familia baada ya mwenyewe kufariki, ilhali nyingine zilirudishwa serikalini. Kwangu mimi hilo la pili ndilo linaloipa uzito wa pekee.

Itazameni kwanza mbele, kwenye mwanga wa mchana. Katikati mna nyundo na mundu juu ya duara jekundu, na ukanda mweupe unaolizunguka umeandikwa ОТЕЧЕСТВЕННАЯ ВОЙНА, yaani Vita vya Uzalendo. Nyuma ya nyota hiyo bunduki na upanga vimepishana. Miali ikiwa ya rangi ya dhahabu ni daraja la kwanza, ikiwa ya fedha ni la pili. Mkiona katikati askari aliyeshika bunduki, na miali hakuna, hiyo ni Nishani ya Nyota Nyekundu, ambayo ni rahisi kuichanganya na hii kwa kuwa nayo huvaliwa upande wa kulia wa kifua.

Kisha igeuzeni, kwani habari nzito ziko nyuma. Zile za mwanzo zilining'inizwa kwenye kibati kilichovikwa utepe, lakini tangu Juni 1943 zilifungwa kwenye koti kwa skrubu na nati. Someni namba iliyopigwa hapo na kuiandika kwenye karatasi, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayoiunganisha nishani na kijitabu chake chenye jina la aliyetunukiwa. Msikimbilie kusema kwamba alitunukiwa mstari wa mbele, kwani mwaka 1985, ushindi ulipotimiza miaka 40, nishani hiyo ilitolewa tena kwa wapiganaji wa zamani waliokuwa hai. Za mwaka huo ni za fedha tupu, na za daraja la kwanza zimepakwa dhahabu juu.

Usafi wake unahitaji uangalifu mkubwa. Majivu na ndimu, tunavyovitumia kung'arisha sinia za shaba, vitaondoa dhahabu iliyopakwa na kuharibu ile rangi nyekundu, ambayo ni kioo kilichoyeyushwa juu ya madini na ambacho kikibanduka hakirudi. Futeni vumbi kwa kitambaa laini kikavu, msiilazimishe nati iliyoganda, na kwa kuwa hewa yetu ya pwani ina chumvi, ihifadhini ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na kijitabu chake kama kipo.