Somo: Siku nne Guilin wakati mzigo unasubiri kiwandani

Wakuu, salaam. Wengi wetu tunaofuata mzigo Guangzhou tunaijua China ya maghala na ofisi za mawakala. Kiwanda kinakwambia oda itakamilika wiki ijayo, basi unabaki Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, kula wali kuku, kulipia chumba na kutazama dari. Safari yangu ya tatu nilichoka, nikapanda treni kwenda Guilin. Tangu hapo naulizwa kila mara ninavyoenda bila kugusa mtaji, kwa hiyo naandika mara moja yaishe.

Guilin uko mkoa wa Guangxi, kaskazini magharibi ya Guangzhou. Ni milima ya mawe ya chokaa, mirefu na myembamba, imechomoza katikati ya mashamba kama vichuguu, na Mto Li unajipitisha humo. Ukitaka kuionja kabla ya kwenda, geuza noti ya yuan 20: mandhari iliyochorwa nyuma ni Mto Li pale mji mdogo wa Xingping.

Jambo moja likae kichwani: kule milima ni ya bure, mageti ndiyo yanayokula pesa. Karibu kila pango, kila bustani, kila boti ina tiketi yake. Anayelipia vyote anarudi analalamika Guilin ni ghali. Mimi hulipia kimoja tu kwa safari, vingine navitazama kwa miguu.

Hatua ya 1: Tarehe

Usiende wiki inayoanza tarehe 1 Oktoba, wala Mwaka Mpya wa Kichina, wala sikukuu ya Mei Mosi. China nzima iko njiani, chumba cha yuan 120 kinapanda mara mbili au tatu. Aprili hadi Juni mvua ni nyingi, ingawa ukungu milimani una uzuri wake. Mimi napenda katikati ya Oktoba hadi Novemba. Guilin maana yake ni msitu wa miti ya guihua, na vuli ile miti inachanua maua madogo ya manjano. Unatembea barabarani unanusa kitu kama aprikoti tamu za kukausha, hujui kinatoka wapi.

Hatua ya 2: Simu

Fanya haya ukiwa bado na intaneti ya uhakika. Pakua Alipay, programu ya kulipia kwa simu, uiunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa mara moja hayana makato ya Alipay; yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Kwa hiyo hoteli ya usiku tatu lipa usiku mmoja mmoja. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kule, ila laini ya nyumbani ikiwa na roaming zinafanya kazi. Kwa ramani tumia Amap.

Hatua ya 3: Treni

Kutoka Guangzhou Nan (stesheni ya kusini) ni kama saa mbili na nusu hadi tatu kwa treni ya mwendokasi, njia iliyofunguliwa Desemba 2014. Kabla ya hapo watu walikuwa wakilala njiani. Daraja la pili nauli inacheza kati ya yuan 140 na 180. Tiketi kwenye programu ya 12306 hutoka siku 15 kabla, na pasipoti yako ndiyo tiketi, hakuna karatasi. Mageti mengine hayasomi pasipoti zetu, pita kwenye geti lenye mhudumu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Yangshuo ni mji wa watalii ukifuata Mto Li kusini ya Guilin, lakini stesheni inayoitwa Yangshuo haiko mjini Yangshuo. Iko upande wa Xingping, na kutoka hapo hadi mjini ni karibu saa nzima kwa basi. Mimi nilishuka pale saa nne usiku nikidhani nimefika. Mabasi yamekwisha, madereva wawili wamekaa kwenye boneti wananitazama kama chakula. Nililipa yuan 150 kwa safari ambayo basi ni kama 20 hivi. Fika mchana, au geuza kosa hilo liwe mpango: lala Xingping kwenyewe.

Hatua ya 4: Malazi

Kitanda hosteli ni yuan 40 hadi 60, chumba cha peke yako 100 hadi 150. Kabla ya kulipa, andika ujumbe kuuliza kama wanapokea wageni wa nje. Hoteli inatakiwa ikuandikishe polisi, na gesti ndogo nyingine hazijui mfumo au zinaogopa usumbufu. Kuna moja ilinikataa mlangoni nimeshikilia risiti ya malipo. Binti wa mapokezi alikuwa na aibu kuliko mimi, akanitafutia kwingine kwa simu yake.

Hatua ya 5: Mpangilio wa siku

Siku ya kwanza Guilin mjini. Mlima wa Pua ya Tembo unaonekana vizuri tu ukiwa ng'ambo ya mto, na jioni pagoda mbili za Ziwa Shan zinawashwa taa, moja rangi ya dhahabu na nyingine ya fedha. Hulipi kuzitazama.

Siku ya pili na ya tatu ndizo safari yenyewe. Nenda Xingping, tembea ukingoni hadi pale pa noti ya yuan 20, halafu saa kumi alasiri anza kupanda Mlima Laozhai. Ngazi ni za mawe, zinateleza, mwishoni kabisa unajivuta kwa mikono. Dakika arobaini kwa mwenye pumzi, saa moja kwa sisi wa vitambi. Juu mto unakunja kona chini yako, na boti zinazopanda kutoka kwenye kona ile zinaonekana kama punje za mchele. Beba tochi ya kushukia.

Kesho yake shuka Yangshuo mjini, kodi baiskeli kwa yuan 20 au 30 na ufuate Mto Yulong kwenda juu hadi daraja la mawe la enzi za wafalme wa Ming. Mashamba, nyati, bibi anauza machungwa. Mtaa wa Xi Jie uliosifiwa sana mimi naupita tu: kelele na bei za watalii.

Ile boti kubwa ya Guilin hadi Yangshuo, kilomita 83, saa nne hivi, ni nzuri lakini inakula yuan mia mbili na kupanda. Kama lazima upande kitu majini, chagua rafti. Za Yangdi hadi Xingping ni mabomba ya plastiki yenye injini. Za Mto Yulong ni mianzi kweli, mtu anasukuma kwa upondo.

Siku ya nne rudi.

Hatua ya 6: Tumbo

Mifen, tambi za mchele, bakuli ni yuan 6 hadi 10. Unaagiza kwa uzito: "er liang" kwa wa kawaida, "san liang" kwa mwenye njaa. Linakuja kavu, na mchuzi mzito kidogo chini na vipande vya nyama juu. Usiulize supu iko wapi kama nilivyofanya mimi. Unakwenda mwenyewe mezani kuongeza kunde changa za kuchachuliwa, soya za kukaanga na pilipili, unachanganya, unakula nusu. Ndipo unamimina supu kutoka sufuria kubwa ukutani na kumalizia.

Jumla yangu, treni ya kwenda na kurudi ikiwemo: yuan 1,180, pamoja na zile 150 za ujinga. Yuan moja ichukulie kama shilingi 18 za Kenya au 350 za Tanzania, kisha angalia bei ya siku yako.

MASWALI

Bi Mwanaidi, Mombasa: Kaka ahsante. Na sisi Waislamu tutakula nini?

*Jibu:* Dada, mifen za kawaida ziogope: nyingi zina nguruwe, na kuna zinazosifika za nyama ya farasi. Samaki maarufu wa Yangshuo naye anapikwa kwa bia. Ila Guilin una jamii ya Wahui, Waislamu wa Kichina, ya miaka mingi, tafuta kibao chenye herufi 清真 (halali). Migahawa ya tambi za Lanzhou, nyama ya ng'ombe, iko karibu kila mji.

Mzee wa Kontena: Mkuu, viza ya biashara inaruhusu kutalii huko?

*Jibu:* Mimi nilikwenda na M, hiyo ya biashara, hakuna aliyeniuliza. Anayetoka nyumbani kwa ajili ya matembezi tu aombe L, ya utalii. Ule msamaha wa viza wa siku 10 kwa wapita njia, nchi zetu hazimo kwenye orodha.

Baba Pacha: Watoto wangu wana miaka minne. Nauli?

*Jibu:* Chini ya miaka 6 hawalipi, ila mtu mzima mmoja anapata mtoto mmoja wa bure. Mapacha njooni na mama yao. Laozhai usiwapeleke.

Kijana wa Kigoma: Matuta ya mpunga ya Longji umeyaruka kwa nini?

*Jibu:* Kiingilio, na njia ya zaidi ya saa mbili. Yanalipa Mei hadi Juni yakijaa maji, au mwisho wa Septemba mpunga ukiiva. Miezi mingine utalipia nyasi.

Dada Neema: Kweli watu wanakupiga picha kama kivutio?

*Jibu:* Vijijini ndiyo. Wengi wanaomba kwa heshima, nami nakubali kisha naomba nami nipige yangu. Akirekodi kwa kificho namgeuzia mgongo.

Mzee wa Kontena: Na picha ya noti ya 20 pale mtoni tuionyeshe basi.

*Jibu:* Mkuu, nilifika sina hata noti moja, kila kitu nilikuwa nalipa kwa simu. Nikaazima kwa bibi wa machungwa. Akanipa, akasimama karibu hadi nimalize, kisha akanidai yuan 2 za kuazima.